Bega la Fundi Cherehani: Tiba ya Viungo kwa Maumivu ya Shingo na Mabega

Katika kumi la mwisho la Ramadhani, taa za mafundi cherehani wa Kariakoo huwaka hadi usiku wa manane. Kanzu, madera na suti za watoto zilizoahidiwa kwa ajili ya Idi huwa zimerundikana mezani, wateja hupita kila mara kuulizia, na fundi hainui kichwa. Anapoinuka hatimaye, mkono wake mmoja huenda wenyewe begani na kuanza kukanda. Siku chache baada ya sikukuu, fundi wa aina hii huonekana katika foleni ya wagonjwa wa nje, shingo imekakamaa, na akitaka kutazama nyuma hugeuza kiwiliwili kizima. Maelezo yake hayatofautiani sana na ya wenzake: maumivu huanzia chini ya kisogo, hushuka ubavuni mwa shingo, kisha hukaa juu ya bega kama mzigo ambao mtu amesahau kuutua. Mwaka jana yalikuja na kuondoka. Safari hii hayaondoki.

Si mafundi peke yao. Msusi anayesimama saa nyingi kwenye kichwa cha mteja mmoja, dereva wa daladala, karani wa benki, mwanafunzi anayeinamia simu, mama anayenyonyesha huku amekunja shingo kumtazama mwanawe, wote huleta malalamiko hayo hayo. Kwa makadirio ya kimataifa ya mzigo wa magonjwa, mwaka 2020 watu wapatao milioni 203 duniani walikuwa na maumivu ya shingo, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Lakini fundi cherehani anafaa kuwa mfano, kwa kuwa kazi yake inaonyesha wazi jinsi maumivu haya yanavyozaliwa, na pia kwa kuwa hawezi kuutumia ushauri ambao watoa huduma hupenda kuutoa, yaani apumzike. Fundi asiposhona, nyumbani hakuliwi.

Njia anayopita mgonjwa huyu kabla hajafika kwa mtaalamu wa fiziotherapia inajulikana. Huanzia duka la dawa, ambako hupewa vidonge vya diklofenaki vya siku tano. Maumivu hupungua, kazi huendelea, vidonge huisha, maumivu hurudi, naye hurudi dukani. Baadaye huja sindano, kisha dawa ya kuchua, kisha pengine kola ya shingo aliyoazimwa na jirani. Mwishoni hupigwa picha ya eksirei na kuambiwa, kwa sauti ya huruma, kwamba pingili za shingo yake zimesagika.

Katika safari hiyo kuna madhara mawili, na la kwanza ni la vidonge. Diklofenaki, ibuprofeni na dawa za jamaa hiyo zina nafasi yake kwa siku chache, hasa maumivu yanapokuwa makali na mapya. Zikitumiwa miezi na miaka bila usimamizi huweza kuchimba vidonda vya tumbo hadi mgonjwa akapata choo cheusi kwa damu, hupandisha shinikizo la damu, na huumiza figo, hasa kwa mtu mzima mwenye kisukari au aliyekwisha kuanza dawa za presha. Ni jambo la kusikitisha mtu kupoteza figo kwa sababu ya msuli wa bega.

Dhara la pili ni la maneno, na hili hutoka katika vinywa vya wahudumu wa afya wenyewe. Mtu aliyeambiwa kwamba mifupa yake imesagika huanza kuibeba shingo yake kama yai. Haigeuzi, haipi kazi, huogopa kuinua ndoo. Kumbe mabadiliko yanayoonekana katika picha ni ya kawaida mno. Nchini Japani, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulipiga picha za MRI za shingo za watu 1,211 ambao hawakuwa na dalili yoyote. Karibu watu 88 katika kila 100 walikutwa na diski zilizotokeza, yaani vile visahani laini vilivyo kati ya pingili, na hali hiyo ilikuwepo kwa wengi hata miongoni mwa vijana wa miaka ya ishirini. Watu hao hawakuumwa. Picha, basi, haitoshi kueleza kwa nini huyu anaumwa na yule haumwi, na mtoa huduma anayeitumia kumtisha mgonjwa humwongezea ugonjwa.

Jibu hupatikana zaidi katika misuli, na katika namna inavyotumikishwa. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5. Kikisimama sawasawa juu ya pingili saba za shingo, misuli hufanya kazi ndogo tu ya kukitengemaza. Kikiinama mbele kufuata sindano ya cherehani, misuli ya nyuma ya shingo ndiyo inayokizuia kisianguke. Pamoja na hilo, mikono ya fundi huwa mbele yake ikisukuma kitambaa, na uzito wake unaning'inia kwenye makombe ya mabega, ambayo nayo yameshikiliwa na msuli mpana wa trapezia unaoanzia kisogoni, ukatanda mabegani na kushuka hadi katikati ya mgongo. Hakuna katika kazi hii kitu kizito. Kuna kitu chepesi kisichokwisha.

Hapo ndipo penye siri. Msuli una nyuzi nyingi, na mwili hauziamshi zote kwa pamoja. Kazi ndogo hupewa nyuzi ndogo kwanza, na nyuzi hizo hizo ndizo huachiwa mwisho. Mwaka 1991 mtafiti wa Sweden, Göran Hägg, alizifananisha na Cinderella, yule msichana wa hadithi anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Fundi anaposhona kutwa bila kuyashusha mabega, nyuzi zake kubwa hulala huku zile ndogo zikikesha. Dhana hii haielezi kila kitu, lakini inasaidia kuelewa ni kwa vipi mtu asiyebeba mizigo huumwa kama hamali. Haraka na hofu huongeza mzigo huo, kwa maana mtu mwenye wasiwasi huinua mabega bila kujua na kupumua kwa misuli ya shingo badala ya tumbo. Usingizi mfupi nao huzifanya neva zipokee hata mguso mdogo kama maumivu. Ndiyo maana wiki ya Idi huumiza zaidi ya urefu wa saa zake.

Kabla ya kumpa mgonjwa zoezi lolote, mtoa huduma hana budi kuhakikisha kwamba maumivu haya ni ya misuli kweli. Mara nyingi ndiyo. Hata hivyo, homa pamoja na shingo ngumu na kichwa kuuma sana ni dharura ya saa hiyo hiyo, kwa kuwa huenda ni homa ya uti wa mgongo. Kukonda, jasho la usiku na maumivu yasiyotulia hata mtu akilala huamsha shaka ya kifua kikuu cha mifupa au saratani, zaidi kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI au aliyewahi kuugua saratani. Aliyeanguka au kupata ajali ya bodaboda hachezewi shingo kabla ya kupigwa picha. Maumivu ya bega la kushoto yanayokuja na kifua kubana na jasho jembamba ni ya moyo hadi ithibitike vinginevyo. Na kuna dalili moja ambayo fundi mwenyewe huiona kabla ya daktari: vidole vinapoanza kushindwa kutunga uzi kwenye tundu la sindano, au kufunga vifungo, na miguu ikawa mizito au mkojo ukawa wa shida, huenda ugwe wa neva ulio ndani ya uti wa mgongo unabanwa. Huyo hapewi mazoezi. Hupelekwa hospitali kubwa bila kukawia. Vivyo hivyo mwenye maumivu yanayopiga mkono mzima na nguvu za mkono zinazopungua, anahitaji kuonwa mapema.

Akiisha kuchunguzwa na kuonekana hana mojawapo ya hayo, tiba ya viungo huanza kwa kutuliza. Kitambaa kilicholowekwa maji ya moto na kukamuliwa, au chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, huwekwa begani kwa dakika 15 hadi 20. Joto hulegeza, na halina gharama, ila mwenye kisukari aliyepoteza hisia za ngozi lazima ajihadhari asije akaungua bila kujua. Mtaalamu huweza kukanda misuli kwa mikono na kuzisogeza pingili taratibu. Mgonjwa hushuka kitandani akijisikia mwepesi, na wepesi huo ni wa kweli. Kosa huwa ni kudhani kwamba tiba imekwisha. Kuchua hufungua mlango kwa siku mbili tatu. Mgonjwa asipoupita, hujifunga tena. Kliniki ambazo humlaza mtu na kumkanda mara kumi, kisha zikamruhusu bila kumfundisha zoezi hata moja, hazimtendei haki.

Kuna mikono mingine inayogusa shingo, na haifai kuipita kimya. Baadhi ya vinyozi humalizia kazi kwa kukishika kichwa cha mteja na kukizungusha ghafla mpaka mifupa ilie. Sauti hiyo hupendeza na husifiwa. Msokoto wa ghafla, hata hivyo, huweza mara chache kuchana ukuta wa ndani wa mshipa mkubwa wa damu unaopita shingoni kwenda kwenye ubongo, na matokeo yake ni kiharusi kwa mtu ambaye alikwenda kunyoa. Ni nadra, lakini hakuna sababu ya kuibahatisha. Hijama nayo inapendwa sana pwani. Ushahidi wa faida yake kwa shingo ni mwembamba, na wapo wanaopata nafuu ya muda. La muhimu ni kwamba wembe usiwe umemgusa mtu mwingine, kwani homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI hupita hapo.

Sehemu ya tiba inayodumu ni kuipa misuli nguvu. Hili huwashangaza wagonjwa wengi, kwa sababu wanaamini kwamba msuli unaouma umechoka na hautaki kazi zaidi. Nchini Finland, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliwafuata kwa mwaka mzima wanawake 180 wa ofisini waliokuwa na maumivu sugu ya shingo. Kundi moja lilifanya mazoezi ya nguvu, la pili mazoezi ya ustahimilivu, na la tatu lilishauriwa kujinyoosha na kufanya mazoezi mepesi ya kawaida. Mwisho wa mwaka, takriban robo tatu ya waliofanya mazoezi ya nguvu walisema maumivu yamekwisha au yamepungua sana. Waliokuwa wakijinyoosha, waliosema hivyo walikuwa kama mmoja kati ya watano. Kujinyoosha si kubaya. Peke yake hakutoshi.

Utafiti wa Denmark wa mwaka 2011 ndio ulio karibu zaidi na maisha ya fundi. Wafanyakazi 198 waligawanywa: wengine walifanya zoezi kwa dakika 12 kila siku ya kazi, wengine kwa dakika 2 tu, wengine hawakufanya. Zoezi lilikuwa moja, kuinua mikono pembeni kwa kuvuta mpira. Baada ya wiki 10 makundi yote mawili yaliyofanya zoezi yalipata nafuu, na tofauti kati ya dakika 2 na dakika 12 haikuwa kubwa. Dakika 2 ni muda wa kusubiri pasi ipate moto.

Zoezi hilo halihitaji mashine. Mgonjwa husimama wima, chupa ya maji ya nusu lita katika kila mkono, viwiko vimekunjwa kidogo sana. Huinua mikono yote miwili kwa upande, ikielekea mbele kidogo, hadi usawa wa mabega, kisha huishusha polepole kuliko alivyoiinua. Masikio yabaki mbali na mabega. Anayeinua mabega pamoja na mikono anarudia kosa la mezani. Hurudia hadi misuli ichoke kweli, na akiona anafika mara kumi na tano bila taabu, huhamia chupa ya lita moja, baadaye lita moja na nusu. Asiyependa chupa hukata mpira wa ndani wa baiskeli, akakanyaga katikati na kuvuta ncha zake. Kuongeza uzito ndicho kiini chenyewe. Mgonjwa aliyebaki na chupa ya nusu lita kwa miezi mitatu anajizoeza kupunga hewa.

Zoezi la pili ni la misuli midogo iliyo mbele ya pingili, ndani kabisa, ambayo kwa wagonjwa hawa huwa imelegea. Mtu hulala chali, kichwa juu ya khanga iliyokunjwa, akaitikia kwa kichwa kana kwamba anasema ndiyo, taratibu, kidevu kikishuka kidogo kuelekea kooni pasipo kichwa kuinuka. Hushikilia kwa sekunde 10, huachia, hurudia mara kumi. Linaonekana la kitoto. Wengi hutetemeka kabla ya kufika la sita. Misuli mikubwa ya pembeni mwa shingo ikisimama kama kamba, ni ishara kwamba anatumia nguvu nyingi mno.

Mgonjwa lazima aambiwe mapema kwamba atasikia maumivu kidogo katika wiki za kwanza, la sivyo ataacha siku ya tatu. Kipimo rahisi ni hiki: maumivu yakibaki chini ya nusu ya yale anayoyajua, na kesho yake asubuhi yakawa yamerudi palipokuwa, aendelee. Yakipanda na kubaki juu hadi siku ya pili, apunguze uzito au idadi, asiache. Kola ya shingo kwa maumivu ya aina hii irudishwe kwa jirani, kwa kuwa misuli inayoshikiliwa na kitu kingine huzidi kudhoofika.

Kuhusu mkao, ushauri uliozoeleka wa kukaa wima kama askari hauna msingi imara. Mtu aliyekaa wima saa nne bila kutikisika naye huumwa. Kinachosaidia ni kubadilisha. Meza ya cherehani ikiwa chini mno, matofali mawili chini ya miguu yake humpunguzia fundi kuinama, mradi isiyumbe. Kiti kikiwa kifupi huongezwa mto. Taa iletwe karibu na sindano, kwani mafundi wengi waliopita miaka arobaini huinama kwa sababu ya macho, na miwani ya kusomea huwatibu shingo kuliko vidonge. Kukata, kushona, kupiga pasi na kutia vifungo kukipangwa kwa zamu, badala ya kushona kanzu ishirini mfululizo kisha kuzipiga pasi zote, msuli hupata mapumziko bila kazi kusimama. Kila bobini inapoisha uzi, mikono ishushwe mapajani, pumzi ivutwe tumboni mara tano, kichwa kigeuzwe kulia na kushoto. Bobini itaisha tu, hivyo fundi hahitaji saa ya kumkumbusha.

Zahanati nyingi hazina mtaalamu wa fiziotherapia. Shirika la Afya Duniani, lililozindua mwito wa Utengamao 2030 mwaka 2017, limekwisha kueleza kwamba katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati wataalamu wa utengamao hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja. Kumsubiri mtaalamu kwa kila shingo, basi, ni kumrudisha mgonjwa dukani. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani waliwalinganisha wagonjwa 272 wenye maumivu ya shingo yasiyozidi miezi mitatu, baadhi wakipewa dawa, baadhi wakinyooshwa pingili na tabibu, na baadhi wakifundishwa mazoezi ya nyumbani katika vikao viwili tu. Waliofundishwa mazoezi walipata nafuu kuliko waliopewa dawa, na hawakuachwa nyuma na walionyooshwa. Muuguzi au tabibu wa zahanati aliyeuliza maswali ya hatari, akaigusa shingo, akaonyesha mazoezi mawili kwa mikono yake mwenyewe na kumtazama mgonjwa akiyarudia, amefanya sehemu kubwa ya kazi. Badala ya "pingili zimesagika", anaweza kusema kwamba shingo ni nzima ila misuli yake imezidiwa, na kwamba inaweza kupata nguvu. Kisha ampe tarehe ya kurudi, baada ya wiki tatu, aje na chupa yake.

Wiki 10 ni muda mrefu kwa mtu anayeumwa leo. Fundi aliyekwisha kuumia hupata nafuu ya kwanza ndani ya wiki tatu au nne, na wengine hurudi nyuma kidogo kabla ya kusonga mbele. Nguvu ikishapatikana, siku mbili kwa wiki hutosha kuitunza. Anayejua kwamba kila mwaka mabega humkamata katika kumi la mwisho huanza mapema: wiki 10 kabla ya Idi huangukia baada ya katikati ya Rajabu, wakati oda bado ni chache na kitambaa cha kanzu hakijaletwa. Ramadhani ikiingia, mazoezi huhamishiwa usiku, baada ya futari kushuka, na maji ya chupa yakanywewa.